Barua kwa Mhariri: Hadithi za wazee za kuchomewa nyumba si porojo

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua nimeandika ndefu na nafasi yenu ni ndogo, kama itabidi mkate basi kateni kwingine kote ila sehemu ya yule bibi naomba muiache.

Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji mmoja anasema hadithi za wazee wa kwetu Songea kuhusu vita vya Maji Maji ni porojo tupu, eti kila mzee ana yake, huyu anasema Wajerumani waliingia kijijini alfajiri yule anasema jioni, huyu anataja ghala tatu zilizochomwa yule anataja kumi, karatasi hakuna, kwa hiyo tuache kupoteza muda tusome vitabu vya wasomi. Akamalizia kwamba Wazungu wamefika mbali sababu historia yao wameiandika, hawategemei midomo ya vikongwe. Nimeisoma nikiwa ndani ya gari nimetoka zamu ya usiku, nasubiri kioo kiache ukungu, na imeniuma kweli. Mi mzaliwa wa Songea. Na saa hizi ni mwaka wa nane naishi Ayalandi, kaunti ya Clare, magharibi kabisa kwenye pwani ya Atlantiki, kwenye parokia ya Wazungu ambayo mwaka 1920 ilichomwa moto na polisi na wanajeshi wa serikali iliyokuwa inaitawala. Kwa hiyo hayo ya Wazungu na karatasi zao naomba niyaelezee.

Kazi yangu ni uuguzi kwenye nyumba ya kulea wazee. Wengi wao ni wakulima na wake wa wakulima, watu wa ng'ombe na viazi, watu wa kukata ule udongo wa kinamasi wanaoukausha kama matofali wakachomea moto wa jikoni, ukiingia nyumba zao za zamani harufu yake inakupokea mlangoni. Naanza kazi nilikuwa siwezi kuwaita majina yao ya kwanza kama wafanyavyo wenzangu, mtu wa miaka 90 nimuite kama rika langu ulimi ulikuwa unakataa, nikawa nawaita mama na baba, wakazoea, na nadhani ndo maana wakaanza kunisimulia mambo.

Kwa asiyejua, Ayalandi ilitawaliwa na Uingereza mamia ya miaka. Vita ya uhuru ilianza Januari 1919, wapiganaji wa IRA, yaani jeshi la waliopigania uhuru, wengi walikuwa vijana wa vijijini hawana hata bunduki za kutosha, wanavizia askari barabarani alafu wanapotelea mashambani kwao. Mwaka 1920 serikali ya London ikaongeza nguvu ya polisi kwa kuajiri watu waliotoka kupigana vita kuu ya kwanza ya dunia, mshahara shilingi 10 kwa siku, sare hazikutosha wakavalishwa mchanganyiko, kaki ya jeshi na kijani cha polisi kilichokoza mpaka kinaonekana cheusi, watu wakawapachika jina Black and Tans, yaani weusi na kaki. Wazee wa huku hawamalizi jina lote, wanasema Tans tu, na wakilisema sura inabadilika, na hawa ni watu ambao wenyewe hawakuwa wamezaliwa.

Mji wenyewe ni Miltown Malbay. Mdogo, barabara kuu moja pana, nyumba zimeshikana ubavu zimepakwa rangi, baa, duka la dawa, kanisa. Ikifika Julai unajaa wapiga fidla na filimbi kutoka dunia nzima. Ukipita hujui kitu mpaka mtu akuoneshe. Kuna njia panda inaitwa Canada Cross, usiku wa tarehe 14 Aprili 1920 watu walikusanyika hapo wamewasha moto wanashangilia, manake wafungwa waliogoma kula kwenye gereza la Mountjoy kule Dublin walikuwa wameachiwa. Polisi na wanajeshi wakaja wakafyatulia kundi la watu risasi, wanaume watatu wakafa. Mi nilipita hapo miezi na miezi na mkate wangu mkononi kabla sijaambiwa nakanyaga wapi.

Sasa njoo tarehe 22 Septemba mwaka huohuo. Asubuhi hakimu wa serikali, Kapteni Alan Lendrum, alikuwa anaendesha gari kutoka Kilkee kwenda mahakamani Ennistymon, IRA wakamsimamisha kwenye kivuko cha reli sehemu inaitwa Caherfeenick, walitaka gari lake, ikatokea purukushani akapigwa risasi. Wapiganaji wa upande mwingine wa kaunti habari hiyo hawakuwa nayo kabisa. Wao walikuwa wamelala kwenye kilima cha Rineen, juu ya barabara ya kutoka Miltown kwenda Lahinch, watu kama 50, kiongozi wao Ignatius O'Neill ambaye mwenyewe alikuwa amepigana vita kuu akiwa jeshi la Uingereza. Lori la polisi likapita wakaliachia, ishara waliielewa vibaya wakadhani yanakuja matatu. Lilipokuwa linarudi wakalimiminia. Polisi sita wakafa. Alafu malori ya jeshi yaliyokuwa yanamtafuta hakimu yakatokea palepale, wakarushiana risasi, IRA wakaponyoka juu milimani.

Usiku ndo ukaja moto. Polisi na wanajeshi waliingia Miltown, Lahinch na Ennistymon na petroli. Madirisha yakavunjwa, nyumba na maduka yakamwagiwa yakawashwa. Ennistymon walimtoa katibu wa chama cha wafanyakazi nyumbani kwake na mkewe, wakampiga risasi, nyumba wakaichoma na mwili wake ukaungulia humo. Kijana mdogo alikuwa anasaidia kuzima moto wa jirani naye akapigwa risasi akafa. Baba mmoja mkulima alipigwa risasi nyumbani kwake wanamdai habari za wanawe, na mwanawe mmoja usiku huohuo akafia ndani ya nyumba inayoungua Lahinch. Watu wasiopungua watano walipoteza maisha kwa sababu ya usiku ule, na miji yote mitatu ni midogo, yaani kila mtu alimjua kila mtu.

Na haikuwa wao peke yao. Siku mbili kabla, tarehe 20, Balbriggan karibu na Dublin walichoma nyumba zaidi ya 50 na kiwanda cha soksi kilichokuwa kinaajiri watu wengi wa mji. Desemba wakachoma katikati ya jiji la Cork, ukumbi wa jiji na maktaba vikaisha. Na mwaka 1921 ulipoanza serikali ikaacha hata kuona haya, kule Midleton jeshi likabomoa nyumba saba kwa amri rasmi ya kamanda, wenye nyumba wanapewa saa moja, toa vitu vya thamani, fanicha acha. Wakachoma pia viwanda vidogo vya siagi vya ushirika, vile ambavyo mkulima mwenye ng'ombe watatu anapeleka maziwa yake asubuhi. Hapo ndipo mtu wa Songea anapoelewa bila kutafsiriwa. Kwetu Wajerumani walichoma ghala na mazao shambani, walijua njaa itamaliza kazi ambayo bunduki haijamaliza, na iliimaliza. Maziwa na ulezi ni vyakula tofauti lakini anayechoma anajua anachoma nini.

Sasa yule bibi. Alikuwa na miaka 93, akili imetulia kabisa, macho ndo yalikuwa yanamsumbua. Mama yake mwaka 1920 alikuwa msichana wa miaka 17, kwao ni wakulima upande wa Miltown, na alikuwa anafanya kazi za ndani kwenye nyumba ya wageni Lahinch, manake Lahinch ni mji wa ufukweni, watu wanaenda kupumzika. Usiku ule waliamshwa na kelele na mwanga. Bibi alikuwa anasema mama yake alidhani ni asubuhi, akaanza kujilaumu amechelewa kuwasha jiko. Alafu akasikia vioo. Wakakimbia kwenda kwenye vilima vya mchanga vya ufukweni, wageni wa mjini na nguo za kulalia, wenyeji, watoto, na wakalala humo wanaangalia mji unaungua, wanaogopa kukohoa. Kitu alichobeba mkononi mama yake ni brashi ya kusugulia sakafu. Kwa nini alibeba hiyo hakujua mpaka anakufa. Bibi kila akifika hapo ananyamaza kidogo, anauangalia mkono wake kama ndo umeshika ile brashi.

Asubuhi walirudi. Ile nyumba ya wageni kuta zilikuwa zimesimama na ndani hakuna kitu. Mama yake akaokota donge la kioo, chupa au dirisha sijui, limeyeyuka likaganda tena, na hilo donge lilikuwa kwenye droo ya kitanda cha bibi pale kazini, limefungwa kwenye leso. Alinipa nilishike. Kubwa kama yai la kuku, kijani kwa mbali, upande mmoja laini kama limelambwa na upande mwingine mchanga na majivu vimegandia humo ndani havitoki. Zito kuliko unavyotegemea. Nikiwa nalo mkononi nilimfikiria bibi yangu mimi, mama yake babu yangu, ambaye aliacha chungu kilichopasuka kwa moto na familia ikakitunza mpaka watoto wa miaka ya 1970 wakakivunja wanacheza mpira. Hakuna aliyewaambia watoto kile ni chungu cha nini.

Tuje kwenye karatasi alizozisifu msomaji wenu. Tarehe 30 Juni 1922, siku za mwanzo kabisa za vita ya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za taifa pale Four Courts Dublin ililipuka ikaungua, rekodi za mamia ya miaka, sensa, vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa mengi, karatasi zilizoungua zikawa zinaangukia watu mitaani kama majivu ya shamba la miwa. Kwa hiyo Waayalandi nao wana shimo kwenye karatasi zao. Na karatasi zinazobaki siyo kwamba zote zinasema kweli. Cork ilipochomwa, waziri wa mambo ya Ayalandi Hamar Greenwood alisimama bungeni London akakana kwamba askari wake ndo walichoma. Jeshi lenyewe likafanya uchunguzi chini ya Jenerali Strickland, ripoti ikawaelekezea kidole polisi wasaidizi, serikali ikaikalia ripoti haikuchapishwa. Mtu angetegemea karatasi za serikali pekee mwaka ule angeandika kwamba Cork ilijiunguza. Walioshikilia ukweli ni wale waliokuwa barabarani na ndoo.

Walichofanya Waayalandi baadaye ndo ningependa tukisikie kwetu. Mwaka 1937 na 1938 tume yao ya hadithi na mila iliwatuma watoto wa shule za msingi, shule kama 5,000, kila mtoto na daftari, nenda nyumbani, muulize babu, muulize bibi, muulize jirani mzee, andika. Waliandika habari za ile njaa kubwa ya miaka ya 1840, watu kufukuzwa kwenye ardhi, makaburi yasiyo na alama, visima, dawa, yaani mpaka namna ya kutengeneza siagi. Kurasa zinafika laki saba na zaidi na leo ziko kwenye intaneti, unaona mwandiko wa mtoto wa miaka 12 na makosa yake ya tahajia, na juu ameandika jina la mzee aliyemsimulia na umri wake. Alafu kati ya 1947 na 1957 serikali ikakusanya ushahidi wa waliopigana, maelezo 1,773, ikayafungia kwenye makasha ya chuma, yakafunguliwa mwaka 2003. Kumbuka hayo maelezo ni ya mdomo. Mtu kakaa kwenye kiti kakumbuka mambo ya miaka 30 nyuma, na wanakinzana, huyu anasema risasi ya kwanza ilitoka huku yule anasema kule. Hakuna mtu aliyeyachoma kwa sababu yanakinzana. Wasomi wanayaweka pamoja wanayapima.

Na hata hivyo vitabu vya Maji Maji anavyovisifu msomaji wenu, naomba ajue mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisambaa vijijini kwenye maeneo ya vita wakawarekodi wazee, na wasomi wengi walioandika baada ya hapo wamechota humo. Vitabu vyake vimetoka kwenye midomo hiyohiyo anayoidharau.

Sikatai kwamba wazee wanakosea na sikatai kwamba uvumi upo. Yule hakimu Lendrum, kuna hadithi ilisambaa Uingereza kwamba IRA walimzika kwenye mchanga wa ufukweni mpaka shingoni, bahari ikaja taratibu ikamzamisha. Imesimuliwa miaka na miaka. Ni uongo, alipigwa risasi pale kwenye kivuko, mwili ukafichwa, na baada ya siku kadhaa ukarudishwa ndani ya jeneza ukaachwa kwenye stesheni ya Craggaknock. Lakini uongo wenyewe nao ni habari, unakuonesha upande ule walihitaji kuamini nini ili wasione vibaya kuchoma miji mitatu. Angetokea mtu miaka hiyo akasema hadithi zinapingana tuziache zote, leo tungebaki na ile ya mchanga peke yake, manake ndo ilikuwa na magazeti nyuma yake.

Kuna kitu kingine ambacho hakimo kwenye barua ya msomaji wenu na ndo kizito zaidi kwangu. Kuna hadithi wazee wanasimulia na kuna ambazo wanazimeza. Wale polisi sita wa Rineen, mmoja tu ndo Mwingereza. Watano walikuwa Waayalandi, Wakatoliki wengi wao kama waliowaua, vijana wa kaunti nyingine, manake ile polisi ilikuwa haimpangi mtu kaunti ya kwao. Wakati ule wapigania uhuru walikuwa wamepiga marufuku kuongea na polisi, duka halimuuzii, kanisani hakai mtu karibu naye, msichana akionekana anacheka na polisi anakatwa nywele usiku. Kwa hiyo polisi akifa hakuna wa kulia. Hilo halijaisha mpaka leo. Januari 2020 serikali ya Dublin ilipanga ibada ya kuwakumbuka wale polisi wa zamani, nchi ikawaka, meya wa Clare akatangaza hataenda, ikabidi waahirishe. Mi nilikuwa kazini wiki ile, sebule ya wazee ilikuwa kimya kuliko kawaida, watu wameangalia taarifa ya habari alafu mmoja anaomba chai.

Alafu kuna ya wenyewe kwa wenyewe ambayo ni mbaya zaidi. Walipopata mkataba na Uingereza Desemba 1921 wakagawanyika, wanaokubali na wanaokataa, Juni 1922 wakaanza kuuana. Baadhi ya wafungwa wa mwisho kupigwa risasi rasmi na serikali mpya ya Waayalandi wenyewe waliuawa hapa Clare, Ennis, tarehe 2 Mei 1923, vita imeshasimamishwa. Nyumba kubwa za wenye mashamba zilichomwa nchi nzima, zaidi ya 200 ukiunganisha vita zote mbili, na waliochoma zile ni upande wetu kama angesema mzee wa huku. Ukimuuliza nani alichoma nyumba fulani anakwambia sijui, na unaona kabisa anajua, huenda ni baba yake mwenyewe. Ndugu zetu wa Kenya wanaijua hii hali. Lari, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, Mau Mau walichoma nyumba za watu na wenyewe ndani, wanawake na watoto, kisha walinzi wa serikali wakaua kwa kulipiza, na wajukuu wa pande zote mbili mpaka leo wanakaa tarafa moja wanauziana maziwa. Maumivu ya upande mmoja yakisimuliwa kwa sauti, ya upande wa pili yanasimuliwa jikoni au hayasimuliwi.

Ndo nirudi kwa bibi. Mama yake asubuhi ile, baada ya kuokota kioo, alitembea kurudi kwao, na njia ya kwenda kwao inapita Rineen. Miili ilikuwa imeshaondolewa. Lori lililochomwa lilikuwepo, na damu barabarani, na kofia. Mmoja wa wale polisi alikuwa anamfahamu, zamani kabla ya marufuku alikuwa anakuja kununua mayai nyumbani kwao na alikuwa anamtania kuhusu kuku. Jina lake la ukoo hakulijua, jina la kwanza alilijua. Akapita. Akafika nyumbani akasimulia habari za Lahinch, moto, mchanga, brashi, habari za Rineen hakusema kitu. Alikaa nayo maisha yake yote na bintiye alikuja kuisikia akiwa mtu mzima, mara moja tu, wakiwa wanachambua viazi. Bibi akaniambia mimi. Nilimuomba ruhusa niandike, akasema andika ila usisome hapa ndani mpaka nimeondoka. Nimeandika kwenye daftari la shule la mistari, tarehe, umri wake, jina la mama yake, kama wale watoto wa 1937.

Ndugu Mhariri, mi si mwanahistoria. Ninachoomba ni kidogo, na naomba walimu wa Ruvuma, Lindi, Mtwara, Morogoro mnaosoma gazeti hili mnisikie. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alikuja Songea, kwenye makumbusho yetu, akaomba msamaha mbele ya familia za walionyongwa mwaka 1906. Watu walilia. Lakini msamaha umekuja wakati wajukuu waliosikia habari moja kwa moja kwa walioona wanahesabika, saa hizi wako miaka 80 na 90, na wakienda hao basi. Daftari ni bei ya soda. Kila mwanafunzi wa darasa la sita aende kwa mzee mmoja likizo ya Juni, aulize nini kilichomwa, nani aliwasha, mlikula nini baada ya hapo, na aulize pia wale waliowabebea Wajerumani mizigo na bunduki, askari waliokuwa weusi kama sisi, walitoka koo zipi, walirudi kuishi wapi. Hilo la mwisho mzee atalikwepa. Mtoto aandike kwamba mzee amelikwepa, aweke na tarehe.

Yule bibi alifariki miezi ya baridi iliyopita. Baada ya mazishi mwanawe alikuja kuchukua vitu vyake, mwanaume wa miaka 60 na kitu, fundi bomba, nikamsaidia kupeleka maboksi kwenye gari. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba ya huku. Donge la kioo aliliweka mfukoni mwa koti. Akaniambia kuna kitu kimoja amejiuliza tangu mdogo na mama yake hakuwahi kumjibu. Bibi yake, yule wa brashi, alikuwa anaongoza rozari kila jioni nyumbani, na mwishoni kwenye kuwaombea marehemu anataja wazazi wake, ndugu zake, waliokufa Lahinch na Ennistymon, alafu kila siku anamalizia na maneno yaleyale, na wale wa barabarani. Yeye utoto wake wote alidhani ni watu waliogongwa na magari. Akaniuliza kama mama yake aliwahi kunitajia, wale wa barabarani ni akina nani.

Nikarudi ndani nikachukua daftari, nikamsomea palepale tumesimama chini ya bati la mlangoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza walikuwa wangapi. Nikamwambia sita.

Wenu msomaji,
Muuguzi, mtu wa Songea
Kaunti ya Clare, Ayalandi